Mwanachama anayewadhuru wenzake kikundini aripotiwe mapema

MIEZI kadhaa iliyopita, mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa na mtoto wa miezi saba ambaye alikuwa bado ananyonya. Nilimfahamu kwa muda mrefu kama mgonjwa anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi bila kukosa, na kila alipopimwa, virusi vilikuwa vichache kiasi cha kutoonekana kwenye mtambo. Safari hii vilikuwa vimepanda sana. Nilipomdadisi taratibu, alikiri kwamba alikuwa ameacha tembe zake kwa wiki sita. Mwenzake katika kikundi cha kusaidiana alikuwa amemuuzia chupa ya dawa ya mizizi na kumwambia kwamba haichanganywi na dawa za hospitali.

Tulimrudishia tembe siku hiyo hiyo na mtoto akatolewa damu. Ashukuriwe Mungu, alipatikana hana virusi, ingawa ilibidi aendelee kupimwa hadi baada ya kuachishwa kunyonya. Lililonisikitisha zaidi nililijua baadaye. Wanachama wasiopungua wanane walikuwa na habari za biashara hiyo. Chupa ziliuzwa kando ya lango, mkutano ukiisha, hatua chache tu kutoka chumba cha muuguzi anayekilea kikundi hicho. Hakuna hata mmoja aliyemwambia.

Msomaji, huenda wewe pia u mwanachama wa kikundi kama hicho, kiwe cha wenye virusi, wenye kisukari, waliougua saratani au wanaojaribu kuacha pombe. Sisi madaktari tunavihesabu vikundi hivi kuwa sehemu ya matibabu. Ukimwi uliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na kwa miaka mingi kabla ya dawa kupatikana kwa wingi katika hospitali za umma, wagonjwa wengi hawakuwa na liwazo jingine ila kukaa pamoja. Hata leo, mtu anayeogopa kuniambia kwamba amekosa kumeza tembe kwa siku tatu atamwambia mwenzake. Neno la mwenzake lina uzito kuliko langu, na kwa sababu hiyo likiwa na sumu hudhuru haraka.

Matumaini ya tiba ya haraka si mageni kwetu. Mwaka 1990 ilitangazwa hapa nchini kwa shangwe dawa iliyoitwa Kemron, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha haikuwa na manufaa yaliyodaiwa. Mwaka 2011 Wakenya wengi walivuka mpaka hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 za huko. Siwacheki waliokwenda, maana mgonjwa haachi kutafuta. Lakini tembe zikiachwa, virusi huanza kuzaana upya na kwa kawaida huonekana tena katika damu baada ya wiki chache tu. Anayeziacha na kuzirudia ovyo anaweza kufuga virusi sugu ambavyo dawa ile ile haiviwezi tena.

Niliwauliza baadhi ya wanachama hao kwa nini walifyata ulimi. Mmoja alisema hakutaka kuitwa mchongezi. Wa pili aliniambia kwamba muuzaji ndiye aliyekuwa akiweka pesa za mzunguko wa kikundi, naye alikuwa na deni lake. Wa tatu alinitazama kwa mshangao na kuuliza, "Daktari, yule mama ni rika la mama yangu. Nitamshtaki vipi kwa muuguzi ambaye ni kama mtoto wake?"

Sababu hizi zote ninazielewa, na ile ya deni haswa, kwa kuwa si rahisi kumlalamikia anayeshika mkoba wako. Hata hivyo, tofauti kati ya umbea na ripoti ni rahisi kuiona. Umbea hupelekwa kwa wasioweza kufanya lolote. Ripoti humwendea mtu mmoja mwenye uwezo wa kuchukua hatua. Wanachama wale wanane walikuwa wameizungumza habari ile kwenye matatu na sokoni kwa miezi miwili. Umbea ulikuwapo tele. Ripoti ndiyo iliyokosekana.

Anayewashawishi wenzake kuacha matibabu aripotiwe siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo anayetoa nje siri za kikundi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi inakataza kufichua matokeo ya kipimo cha mtu bila idhini yake, na ikaunda mahakama maalumu ya kusikiliza malalamiko kama hayo. Anayewataka wanachama kimapenzi kwa ahadi ya mkopo au chakula naye asisubiriwe. Aliyedhulumiwa akiwa mtoto, usiishie kwa mwenyekiti: nenda polisi au piga simu nambari 116, ambayo hailipiwi. Kwa dhuluma za kijinsia ipo nambari 1195, nayo ni ya bure.

Lakini si kila anayekukera ni mkosaji. Yupo anayelia katika kila mkutano, yupo anayezungumza hadi wengine wakasinzia, na yupo aliyeapa kuacha pombe kisha akaja ananuka chang'aa. Hao ni wagonjwa, na kikundi kiliundwa kwa ajili yao. Nimewahi kupokea malalamiko marefu kuhusu bwana mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kukohoa. (Tulimpima kifua kikuu na kumkuta nacho, kwa hiyo malalamiko yale yalimfaa mno.)

Unaporipoti, mwendee kiongozi au muuguzi faraghani, si mbele ya mkutano. Eleza ulichokiona na kukisikia kwa maneno yenyewe, siku na mahali. "Jumanne iliyopita, langoni, aliniambia niache tembe na akaniuzia chupa hii" ni maneno yanayomwezesha muuguzi kuanza kazi. "Yule ni mchawi wa watu" hayamsaidii. Chupa au karatasi uliyopewa ihifadhi uipeleke. Usiwarekodi wenzako kwa siri mkutanoni, kwa maana sauti za wasio na hatia zitakuwamo. Sema pia kama unaogopa kujulikana, kisha uliza utapata jibu lini. Ikiwa mwenyekiti mwenyewe ndiye anayekosea, au wiki mbili zimepita bila jibu, nenda kwa afisa anayesimamia kliniki au shirika lililoanzisha kikundi.

Kiongozi naye ana wajibu wake. Asimtaje aliyemletea habari, na amsikilize anayeshtakiwa kabla ya kuamua. Nimewaona viongozi wakisimama mkutanoni na kusema, "Fulani amelalamika kwamba..." Mkutano uliofuata, fulani hakuonekana.

Kuna ripoti moja ambayo huhofiwa kuliko zote. Mwanachama akikunong'oneza kwamba amechoka kuishi, na kwamba hutaki kumsaliti, tafadhali usiitunze siri hiyo peke yako hata usiku mmoja. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kaa naye, ondoa dawa za wadudu na vidonge vilivyo karibu, mjulishe muuguzi mara moja na mfikishe hospitali. Zamani watu walinyamaza wakihofu kwamba polisi wangeitwa, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu. Mapema mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Unayemripoti hapa hajakosea lolote, na kumpeleka hospitali si kumshtaki.

Nirudi kwa yule muuzaji wa chupa. Habari zilipomfikia muuguzi hatimaye, alimwita pembeni, akamsikiliza, kisha akaniletea nimtazame. Alikuwa amekonda, na mdomoni ulikuwa umeota ule utando mweupe tunaouona kinga ya mwili inaposhuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha tembe miezi minane kabla, akinywa mizizi ile ile aliyowauzia wenzake, na aliiamini kwa dhati. Hakuna aliyemuuliza mbona anakonda. Leo amerudi kwenye dawa, biashara ameiacha, na mkoba wa kikundi umekabidhiwa mtu mwingine. Mama mwenye mtoto humsalimia wanapokutana kliniki, ingawa bado hawaketi benchi moja.