Saa ya Kurudi Nyumbani

JUMATANO

Soma Kutoka 12:21–23 na Mithali 7:6–9. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu usiku na mlango wa nyumba?

Usiku wa Pasaka, Waisraeli waliamriwa wasitoke nje hadi asubuhi. Amri hiyo haikuwa ya watoto peke yao. Baba, mama, mzee na kijana walikuwa pamoja nyuma ya mlango mmoja uliopakwa damu ya mwana-kondoo. Katika Mithali 7 hali ni nyingine. Kijana asiye na akili anatembea njiani huku giza likizidi, na anayemwona ni mtu aliye dirishani kwake. Hatuambiwi kama nyumbani kwa kijana huyo kulikuwa na mtu aliyemsubiri.

Suala hili si geni Rungwe. Zamani Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika. Mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 hivi, alianza kulala na wenzake katika vibanda walivyojijengea, kwa kuwa wazee waliona si adabu kijana anayekua kulala karibu na wazazi wake. Lakini hakuachwa hivi hivi. Alichunga ng'ombe wa baba yake, baadaye akalima shamba lake, na chakula alikula kwa mama. Alipolala palijulikana, na aliolala nao walijulikana.

Vijiji hivyo vimekwisha, ila hamu ya kijana kuwa na wenzake ingalipo. Leo, iwe Kinyala au kata nyingine, giza likiingia anaweza kuwatafuta kwenye banda la video, kijiweni kwa bodaboda au katika simu. Mzazi anayeweka saa ya kurudi hajakosea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, dhidi ya hatari za mwili na za maadili. Pia inakataza mtoto kuajiriwa kazi za usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi.

Hata hivyo, amri bila upendo haimlindi mtoto. Mwaka 2020 Kenya ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona. Siku chache baadaye, polisi wakiisimamia kwa silaha jijini Nairobi, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Nyumbani nako, fimbo inayomngoja mtoto mlangoni inaweza kumfanya aone heri kulala nje.

Soma Luka 2:41–52 na Waefeso 6:1–4. Wazazi wa Yesu walifanya nini walipomkosa? Yeye alifanya nini baada ya kupatikana?

Yusufu na Mariamu walirudi Yerusalemu kumtafuta. Mama alimwuliza, akapata jibu ambalo hawakulielewa, lakini aliyaweka hayo yote moyoni. Yesu naye, ingawa alijua Baba yake ni nani, alishuka pamoja nao Nazareti akawatii. Kijana anayeona aibu kuaga wenzake mapema na akumbuke kwamba Mwana wa Mungu, akiwa na miaka 12, alikubali kurudishwa nyumbani. Paulo naye anawaagiza watoto kutii, kisha papo hapo anawaonya akina baba wasiwatie hasira.

Familia ya Kiadventista tayari inao mfano. Ijumaa jua linapozama, wote wanatakiwa wawe ndani kwa ibada ya kufungua Sabato, na baba akiwamo. Watoto hawaiiti jioni hiyo kifungo, kwa sababu kuna wimbo, chakula na mazungumzo. Baba anayerudi saa 5 usiku siku nyingine zote atamwambiaje mwanawe awe ndani saa 1? Saa iwekwe, ijulikane, sababu yake ielezwe, na atakayeingia kwa wakati akute watu wanaomfurahia.

Tafakari na kujadili:

1. Saa ya kurudi nyumbani kwenu iliwekwaje? Je, vijana walisikilizwa?

2. Wavulana na wasichana wawekewe saa ileile? Kwa nini?

3. Mazoezi ya kwaya au mikutano ya makambi inapochelewa kwisha, nani katika kanisa lenu huwafikisha vijana nyumbani?