Makro Itoke Naivasha, Ifike Uholanzi Bila Kisirani

Makro yako ya Excel inatii kila amri pale shambani kando ya Ziwa Naivasha. Unaituma kwa mnunuzi wa maua kule Aalsmeer, inagoma! Kompyuta yake inatumia Kiholanzi. Usijali, dawa ipo, tena ni ya dakika chache.

1. Fomula ziandike kwa Kiingereza
Fomula iliyo kwenye seli hujigeuza yenyewe: SUM ikifika Uholanzi husomeka SOM, IF ikawa ALS. Maandishi yaliyo ndani ya makro hayajui ujanja huo. Tumia .Formula, inayopokea Kiingereza na koma popote iendapo. .FormulaLocal iepuke, hiyo hudai lugha ya mwenye kompyuta.

2. Tarehe, jamani, tarehe!
Hapa ndipo wengi hulia. Makro ikiweka kwenye seli maandishi "05/02/2026", Excel huyasoma Kimarekani, mwezi kwanza. Hilo hutokea hata ukiwa Nakuru mjini. Basi shehena ya tarehe 5 Februari inahamia Mei 2. Mawaridi ya Valentine yafike Mei? Labda kwa wale waliorudiana! Andika DateSerial(2026, 2, 5): mwaka, mwezi, siku, ubishi umekwisha. Na ile TEXT yenye "yyyy" iache, maana Waholanzi huandika "jjjj". YEAR na MONTH zinatosha.

3. Usiitegemee Sheet1
Faili mpya ikifunguliwa kule, shiti ya kwanza huitwa Blad1. Sema Worksheets(1), au uipe jina lako mara tu inapozaliwa.

4. Senti 25 zisigeuke euro 25
Kwetu bei ya shina ni 0.25, kwao ni 0,25. CDbl, inayogeuza maandishi kuwa namba, hufuata mipangilio ya kompyuta, hivyo "0.25" yako inaweza kusomeka 25 na mnunuzi akazimia. Kama namba imetoka kwenye faili la maandishi lenye nukta, tumia Val, ambayo huijua nukta tu.

5. SendKeys? Hapana
SendKeys hubonyeza herufi za njia ya mkato kwenye menyu, nazo hubadilika na lugha. Tafuta amri yenyewe ndani ya VBA, lugha ya makro.

6. Jifanye Mholanzi
Fungua mipangilio ya eneo kwenye Windows, chagua Kiholanzi cha Uholanzi, kisha iwashe Excel upya. Menyu hazitabadilika, lakini koma na tarehe zitabadilika, na makosa mengi yatajitokeza hapo hapo mezani pako. Fanya jaribio hilo leo, kabla oda za Februari hazijaanza kumiminika.