Altrasaundi ya kitandani inaaminika?

SWALI: Msomaji wa Morogoro anasema ndugu yake aligongwa na bodaboda, na daktari wa dharura akampima altrasaundi palepale kitandani bila kumpeleka chumba cha picha. Je, kipimo hicho kinaaminika?

JIBU: Kinaaminika, mradi kitumike kwa kazi yake. Daktari wa dharura hachunguzi kila kiungo. Anatafuta damu inayovujia ndani. Hupaka jeli, kisha hupitisha kifaa sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kando ya bandama, juu ya kibofu, na chini ya kidari ili autazame moyo. Damu huonekana kama utepe mweusi. Kazi nzima ni dakika chache, haina mionzi, na mgonjwa aliyeshuka presha hasogezwi.

Thamani yake iko hapo hasa. Anayevuja damu tumboni anaweza kufia njiani akipelekwa kwenye picha.

Hata hivyo, majibu mazuri hayamalizi shaka. Damu kidogo au utumbo uliotoboka huweza kufichika, ndiyo maana kipimo hurudiwa, na ikibidi hufuatwa na siti skani. Tumbo likizidi kuuma au kuvimba nyumbani, mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kuche.