Ushikamane na giza yako, au uonje kila kipya?

Hapa Nairobi, kuanzia Eastleigh na Majengo hadi Umoja na Kayole, watu wana misimamo mikali kuhusu aina za miraa. Yuko anayetafuna giza tu tangu ujana wake, na yuko anayebadilisha kila wiki: leo kangeta, kesho alele, keshokutwa mogoka. Anayejibu maswali ya wasomaji mwezi huu alizaliwa Igembe, Meru, kwenye shamba la miraa, na ameuza Eastleigh kwa miaka mingi.

SWALI: Mimi ni mtu wa giza. Wenzangu kwenye besi tunapotafunia wananiambia nimekwama, eti kila msimu kuna kitu kipya cha kuonja. Nani yuko sawa? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Ndugu yangu, niko upande wako, ila jina giza peke yake halikuhakikishii chochote. Sigara hutoka kiwandani, na pakiti ya leo hufanana na ya mwaka jana kwa sababu kuna mashine na watu wanaolipwa ili ifanane. Miraa haina kiwanda. Majina yetu mengi yanaeleza kijiti kilivyochumwa na kufungwa. Giza ni fupi na laini. Kangeta, iliyochukua jina la mji wa Kangeta kule Igembe, ni ndefu. Mti mmoja unaweza kutoa zaidi ya aina moja.

Ladha inatoka kwingine. Kwanza ni umri wa mti. Kwetu miti mikongwe kabisa huitwa mbaine; babu zetu waliichuma, nasi tunaichuma, na hakuna mtu wa Igembe atakayekuambia mti mchanga unaishinda. Kisha kuna udongo, mvua, na mkono wa anayechuma. Halafu kuna saa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa Nairobi wanapopoteza pesa. Kemikali inayoleta handas (ule msisimko wa miraa), kathinoni, huanza kupungua kijiti kinapokatwa tu na kugeuka kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Baada ya saa 48 hivi, nguvu nyingi imekwenda. Ndiyo sababu tunafunga kwa majani ya mgomba ili unyevu usitoke, na ndiyo sababu zile pikapu za kutoka Maua hukimbia karibu kilomita 300 kana kwamba zinafukuzwa. Mbio hizo zimeua watu barabarani, na mimi sizisifu.

Kwa hiyo giza iliyochumwa alfajiri ya leo na giza iliyolala tangu jana ni vitu viwili vyenye jina moja. Ukitaka kushikamana na kitu, shikamana na muuzaji anayejua shamba lake. Wenzako wanaorukaruka wanabadilisha majina, na mara nyingi wanarudishiwa mzigo uleule wa jana.

SWALI: Nimehamia Eastleigh juzi na simjui muuzaji yeyote. Nitamjuaje wa kuaminika? (Msomaji, Eastleigh)

JIBU: Muulize mzigo umetoka wapi na umefika saa ngapi. Anayejua atakujibu papo hapo, hata atakutajia upande wa Igembe ulikotoka. Asiyejua atakwambia tu ni ya Meru. Mwombe afungue kifungu mbele yako. Tazama pale kijiti kilipokatwa: pakiwa pamekauka na kuwa na rangi ya kahawia, hicho si cha leo. Ganda la kijiti kibichi huchunika kwa meno bila kung'ang'ania. Majani ya mgomba yakiwa yamenyauka, usitarajie kilichomo ndani kiwe na afya.

Na muuzaji akikwambia leo mzigo si mzuri, urudi kesho, mshike huyo. Amekataa pesa yako ili asikupoteze.

Ukishampata, sasa onja aina nyingine, tena kwake yeye. Chukua kidogo kutoka mzigo wa siku ileile, siku tofauti na ile unayotafuna aina uliyoizoea, na anza bila bigiji wala soda. Sukari huficha uchungu, na uchungu ndio unaokueleza kama kijiti ni kichanga au kimekomaa. Ukichanganya aina tatu mdomoni hutajua umependa ipi. Mimi mwenyewe nimewabadilisha wateja wa kangeta kuwa wa alele kwa njia hiyo, na wengine walirudi kangeta bila shaka tena moyoni. Kuonja kwa namna hiyo nakuunga mkono kabisa.

SWALI: Mogoka ni rahisi zaidi. Nihamie huko? (Msomaji, Kayole)

JIBU: Mogoka ni mmea uleule, isipokuwa huchumwa majani na vichipukizi, na hutoka hasa Mbeere, Embu. Bei yake ya chini imewafungulia mlango vijana wengi wasio na kazi, na hilo linaniuma. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku mogoka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, kisha Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi. Wakulima walikuwa na hoja yao, na wazazi wa Pwani walikuwa na yao. Sitamcheka yeyote kati yao.

Kwa mnunuzi, tofauti ni hii. Kwenye kijiti unachuna ganda na kutupa kilichobaki. Kwenye mogoka unatafuna jani zima, kwa hiyo kama mkulima alipuliza dawa ya wadudu na kuchuma kabla ya muda, imo mdomoni mwako. Kama humjui aliyechuma, usihamie kwa sababu ya bei peke yake. Tena nimeona wengi wakihesabu walichookoa kwenye kila kifungu bila kuhesabu vifungu vilivyoongezeka.

SWALI: Ile juisi ya jaba (miraa) ya chupani je? (Msomaji, Donholm)

JIBU: Hapana. Huwezi kuona jani, huwezi kujua saa, na hujui kilichochanganywa humo.

SWALI: Giza yangu ya kila siku hainipi tena handas. Nijaribu aina kali zaidi? (Msomaji, Buruburu)

JIBU: Kaka, neno "kila siku" ndilo limenishtua. Mwili unaozoeshwa hutaka zaidi, na aina mpya itakufurahisha kwa wiki chache kisha utarudi hapa hapa ukiwa na dozi kubwa kuliko ya mwanzo. Nimewaona wateja wakipanda ngazi hiyo. Usingizi hukatika, chakula hakishuki, hasira iko karibu, na mshahara unaisha kabla ya tarehe kumi. Miraa huongeza mapigo ya moyo na kupandisha presha, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo au presha aongee na daktari kabla ya kutafuna hata kijiti kimoja, na mama mjamzito aiache kabisa.

Pumzika kwanza. Acha siku kadhaa, lala, kula. Ukiona huwezi kuacha hata siku hizo, piga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uongee na mshauri. Nakupa nambari hii nikiwa muuzaji ambaye angependa kukuona ukirudi na afya, au usirudi kabisa kama hiyo ndiyo afya yako.

SWALI: Mimi ni mzee wa mtaa wa Jerusalem, na muuzaji wangu nimemjua tangu nikifanya kazi reli. Lakini miezi mingine bei inapanda na mzigo unakuwa duni. Je, nimtafute mwingine? (Msomaji, Jerusalem)

JIBU: Mzee wangu, usimwache kwa sababu hiyo. Mvua ikinyesha miti huchipua kwa wingi na bei hushuka. Kiangazi kikikaza, hasa Julai hadi Septemba, wenye maji ya kumwagilia tu ndio wanaochuma vizuri. Kuna pia soko la nje. Uingereza ilipofunga mlango Juni 2014, mzigo uliokuwa ukienda London ulibaki huku na bei kule Igembe ikaanguka. Somalia ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020 na kuzifungulia tena Julai 2022, na tangu hapo giza nzuri huondoka kwa ndege kwanza, sisi wa Eastlands tukapata kinachobaki.

Katika miezi hiyo nunua kidogo kilicho kizuri badala ya kifungu kizima kilicho duni. Mwombe muuzaji wako akugawie nusu kifungu. Mteja wa siku zote hatumnyimi, na nusu ile tunamchagulia wenyewe.