Botulizimu: Sumu Ndani ya Chupa ya Mafuta

Mwanafunzi hufundishwa kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Ndivyo ilivyo pwani. Mjini Moshi, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na katika kibanda cha Kibo, mita 4,700, karibu nyuzi 85 tu, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri mtu apandavyo mlima.

Jambo hilo humchelewesha mpishi wa maharage, lakini lina uzito zaidi ya hapo. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hukaa udongoni katika umbo la spora, yaani chembe yenye ganda gumu, akaingia jikoni pamoja na vitunguu saumu na pilipili. Spora haziuawi kwa kuchemshwa, hata pwani. Viwanda vya makopo huziua kwa nyuzi 121, ndani ya mvuke wenye kanieneo kubwa. Zikisalimika, zikapata mahali pa vuguvugu pasipo oksijeni wala ukali wa siki, huota, na bakteria hao hutoa sumu. Chupa iliyojaa mafuta ni mahali pa namna hiyo hasa.

Oktoba 2008, nchini Uganda, wanafunzi watatu wa shule ya bweni walilazwa hospitali, na mmoja akafariki. Wote walikuwa wamekula kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani, nacho ndicho kilichodhaniwa kuwa chanzo. Mwalimu wa bweni mkoani Kilimanjaro atajua mwenyewe ni chupa ngapi za namna hiyo zimo masandukuni mwa wanafunzi wake.

Sumu hiyo huzuia neva zisitoe asetilikolini, kemikali inayoamuru misuli ikaze. Kwa kawaida dalili huanza baada ya saa 12 hadi 36. Kope huanguka, mtu huona vitu viwili viwili, kinywa hukauka, ulimi huwa mzito, kumeza hushindikana. Kisha ulegevu hushuka mikononi na miguuni. Homa haipo na akili ni timamu, hata wenzake hudhani amelewa. Kinachoua ni kulegea kwa misuli ya kupumulia. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya chakula: dawa ya kupinga sumu hukamata ile iliyo damuni, haifungui misuli iliyokwisha kushikwa.

Tofauti na spora, sumu yenyewe huharibika kwa nyuzi 85 ikidumu zaidi ya dakika 5. Mtori wa jana ukichemka barabara dakika 10 Moshi au Marangu huvuka kiwango hicho. Kule Kibo uko mpakani. Kiungo cha mafuta, hata hivyo, hakichemshwi tena, huliwa vivyo hivyo juu ya ugali. Basi pilipili na saumu zilowekwe kwanza katika siki, kiungo kitengenezwe kidogo, kiwekwe kwenye jokofu na kiliwe ndani ya siku chache. Chupa inayotiliwa shaka isionjwe hata kwa ncha ya ulimi.