Kabumbu bila Dekoda

SWALI: Mhariri mheshimiwa, mimi ni mshonaji hapa Kindu. Malipo ya kila mwezi ya dekoda yamenishinda, nami nimekata abonema. Nitafuataje mpira?

JIBU: Ndugu yangu, usihuzunike, kwani mtu aliyejaaliwa maskani katika mji wenye timu kama Maniema Union, ambayo msimu wa 2024–2025 ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika na kukabiliana na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR ya Rabat, hana dharura ya kununua kwa fedha nyingi habari za Ulaya ilhali kabumbu lenyewe huchezwa mwendo wa miguu kutoka mlangoni pake.

Timu ikisafiri, itegemee redio. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, husikika Kindu na hutoa habari za michezo, wala haikudai ila betri. Nami, nakiri, humpenda mtangazaji fasaha kuliko picha inayokatika kila mvua inaponyesha. Simu nayo yafaa, mradi usome matokeo kwa maandishi, maana video humaliza salio kabla ya mapumziko. Usiku wa fainali, lipa kiingilio cha kibanda cha video ukashangilie na wenzio.

Tahadhari moja: Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo mechi itangazwayo huko kuwa ya saa kumi, wewe ingojee saa kumi na moja.