Jinsi ya Kusoma Katuni kwenye PSP Ukiwa Dadaab

Ukikaa kwenye kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley au Hagadera, simu huwa na kazi nyingi kuliko chaji yake. Ndiyo M-Pesa, ndiyo tochi, ndiyo WhatsApp ya jamaa walioko Minneapolis. Kuimalizia chaji kwenye katuni ni kujitafutia ugomvi nyumbani. Ndiyo maana hadithi zangu nimezihamishia kwenye PSP, gemu ya mkononi ya Sony iliyotoka Japani mwaka 2004. Zilizotumika bado hupatikana Eastleigh, na nyingine huletwa na jamaa wa ng'ambo. Haitaki laini wala bando.

Sony ilifungua duka la katuni za PSP mwishoni mwa 2009, lakini lilishafungwa kitambo. Hatulihitaji. PSP hufungua picha za JPEG bila programu ya ziada, na ukurasa wa katuni ni picha tu. Kazi iko kwenye kuuandaa ukurasa.

1. Tafuta hadithi zilizo huru

Kwa Kiswahili na Kisomali, anza na African Storybook: vitabu vya picha, maneno machache, na leseni inayoruhusu kupakua na kugawa. Pepper&Carrot ya Mfaransa David Revoy nayo ni ya bure na picha zake ni safi. Shujaaz, iliyoanza 2010 na kugawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwa maajenti wa M-Pesa, itakufaa kama Sheng unaielewa.

Kitabu kinachotuhusu zaidi, When Stars Are Scattered cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed (2020), kinasimulia utoto wa Omar na mdogo wake Hassan hapa hapa Ifo. Hicho kitafute cha karatasi, au kisome kwenye simu. Nakala za kidijitali zinazouzwa kwa kawaida hufungwa ndani ya programu ya muuzaji na haziingii kwenye PSP.

Pakua kila kitu mara moja, penye mtandao mzuri. Wengi wetu hatutoki kambini bila kibali, kwa hiyo mtu wa kwenda Garissa mpe kadi ya kumbukumbu na orodha.

2. Kata kurasa

Hapa usiwe na haraka. Skrini ya PSP ni pikseli 480 kwa 272, imelala. Ukurasa wa katuni umesimama. Ukiuingiza mzima, upana wake unabaki kama pikseli 180 na maandishi yanakuwa kama sisimizi.

Upunguze ukurasa uwe na upana wa 480. Kimo chake kitakuwa karibu 720. Kisha ukate vipande vitatu vya kimo cha 272, kila kimoja kikirudia kidogo mwisho wa kilichotangulia. Pikseli 48 zinatosha. Marudio hayo ni muhimu: kisu kikipita katikati ya puto la maneno, nusu ya sentensi iko juu na nusu iko chini, lakini mstari uliokatika utaukuta mzima kwenye kipande kinachofuata.

Ukurasa wenye maneno mengi usiukate vipande vitatu. Kata fremu moja moja kutoka kwenye picha kubwa ya awali, kila fremu ijaze skrini. Ni kazi zaidi, ila macho yatakushukuru. Kwenye kompyuta, programu ya bure ya ImageMagick hukata kurasa nyingi kwa pamoja. Kwenye simu, programu yoyote ya kukata picha itafaa.

Ukikuta katuni kwenye faili ya CBZ, ibadilishe jina iwe ZIP kisha uifungue. Ndani mna picha tu. Zipe majina yenye sifuri mbele, 001, 002, 003, la sivyo 10 itatangulia 2.

3. Ingiza na usome

PSP hutumia kadi ya Memory Stick PRO Duo, lakini kuna adapta ya kuwekea microSD ya simu. Ifomati kadi ndani ya PSP kwanza, na ukumbuke kwamba kufomati hufuta kila kitu. Unganisha kwa USB, weka kila hadithi kwenye folda yake ndani ya PICTURE, kisha ifungue kwenye sehemu ya picha. Kitufe cha pembetatu huleta menyu ya kukuza.

4. Umeme, jua na mchanga

PSP huchajiwa kwa volti 5, sawa na chaja ya kawaida ya simu. Nunua waya wa USB wenye kichwa cha duara, na sola ndogo itatosha; hutalazimika kungoja jenereta ya sokoni. Zima swichi ya WLAN na punguza mwanga wa skrini. Mfuniko wa betri ukianza kuvimba, acha kuitumia betri hiyo mara moja.

Usiiache PSP chini ya mabati mchana. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kwa sababu mchanga hupenya hadi kwenye vitufe. Juani huoni kitu, kwa hiyo soma kivulini au usiku. Usiku watoto wa bloku hujipanga nyuma ya bega langu, mmoja akisoma Kiswahili kwa sauti na mwingine akiwageuzia wadogo kwa Kisomali, na ole wako ubonyeze mbele kabla hajamaliza.

Anza na hadithi moja fupi. Puto dogo kuliko yote likisomeka bila kukunja uso, ndipo ujaze kadi.